Sindano Iliyorefuka Baada ya Kuvunjika

Kumwona mtu aliyekufa ni jambo moja, na Inspekta alikuwa amewaona wengi katika kazi yake. Kumwona mtu anayekufa kipande kipande huku bado anapumua ni jambo jingine kabisa, na hilo hakuna aliyewahi kumfundisha. Alisimama miguuni pa kitanda, mikono ameificha nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeonywa asiguse vitu vya watu dukani, akajilazimisha kutazama.

Kitandani alilala mshonaji wa mifuko kutoka kiwanda cha nguo za watoto. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umewekwa juu ya mto. Vidole vilikuwa vyeusi, weusi wa mkaa, na weusi huo ulikuwa umepanda mpaka kwenye kiwiko. Juu ya kiwiko ngozi ilivimba ikang'aa, ina malengelenge yenye maji ya zambarau. Vidole vya miguu navyo vilikuwa vimeanza kugeuka. Mfuko wa mkojo uliotundikwa ubavuni mwa kitanda ulikuwa mkavu.

"Figo zimefunga tangu alfajiri," Daktari alisema. Alikuwa mwanamke mfupi ambaye hakuwa amelala siku mbili, na mambo mazito aliyasema haraka haraka ili yapite. "Ini linafuata. Kupumua, anapumulia mashine."

"Ana umri gani?"

"Thelathini na moja. Jumatatu alikuwa kazini, anashona."

Leo ilikuwa Alhamisi.

Walikuwa watatu. Mshonaji wa kola alifariki jana jioni. Mshonaji wa vifungo alikuwa chumba cha upasuaji, anakatwa mguu uliokufa. Wote kiwanda kimoja, wote wiki moja. Tajiri wa kiwanda alikuwa ameshawapa polisi jibu kabla hawajauliza swali: sumu, kwenye chai. Na polisi, kwa haraka zao, walikuwa wamemweka mama chai wa kiwandani rumande tangu jana mchana. Inspekta mwenyewe ndiye aliyetia saini.

"Mwachie mama wa watu," Daktari alisema. "Hii si sumu ya birika. Maabara wamemwona mdudu kwenye damu ya wote watatu. Ni bakteria. Kwenye hadubini amejipanga kama ushanga uzini. Huyu kwa kawaida hukaa kooni mwa watu, anakuletea mafindofindo, unasukutua maji ya chumvi, yanaisha. Lakini akipata mlango wa kuingia ndani ya nyama…" Akauangalia mkono ule, akaona hana haja ya kumaliza. "Anaila. Kisha anaingia kwenye damu, na mwili unapigana naye mpaka unajiumiza wenyewe. Presha inaanguka, damu haifiki vidoleni, figo zinazima, ini linazima. Moyo ndio wa mwisho."

"Na mlango wenyewe uko wapi?"

Daktari, kwa mkono wenye glovu, akakigeuza kidole cha shahada. Katikati ya kile kikaa cha kidole palikuwa na kitundu, kidogo kuliko punje ya mtama, kimepita ukucha kikatokea upande wa pili. "Wote watatu wanacho. Kidole hiki hiki, mkono huu huu."

"Kwa hiyo kuna mtu anawachoma sindano."

"Hiyo ni kazi yako, Inspekta. Mimi nataka kujua jambo moja tu: nani mwingine? Akiletwa siku ya kwanza, nina dawa na nina kisu. Siku ya tatu nina maombi tu."

"Nitamjuaje?"

"Kidole kitakuwa kimevimba kidogo tu, lakini maumivu yake hayalingani na kinavyoonekana. Atakuwa anauma meno. Na ukimuuliza atakwambia si kitu. Hawa wote waliwaambia watu wa kwao si kitu."

"Mficha maradhi," Inspekta akasema.

"Kifo humuumbua," Daktari akamalizia. Hakutabasamu.

*

Kiwandani Inspekta alipokelewa na msimamizi wa ukumbi, mwanamke mrefu mwenye koti la buluu, anayeitwa na wote Mama Saa. Jina hilo lilitokana na saa kubwa ya kiume aliyoivaa, leo iko mkono wa kulia, na tabia yake ya kuitazama kila mara mtu anapofungua mdomo.

"Nakupa dakika arobaini, Inspekta. Nina oda ya fulana elfu nane za vichanga na watu watatu hawapo."

"Mmoja amekufa, mama."

"Najua. Nilimwajiri mimi." Akageuka, akatangulia.

Ukumbi ulikuwa na mashine arobaini katika mistari minne, na kelele yake ilimfanya Koplo, dereva na msaidizi wa Inspekta, azibe sikio moja kwa kidole. Inspekta aliomba mashine zisimame, akaomba kila mshonaji aweke mikono yake mezani. Alikuwa na mpango mzuri sana: atatafuta kitundu. Alipofika kwa mwanamke wa tatu akaona aibu ya mpango wake. Kila kidole kilikuwa na vitundu. Vya zamani, vya juzi, vilivyopona, vilivyoota sugu.

"Afande," mmoja akamwambia, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, "mshonaji asiye na tundu kidoleni huyo anadanganya kazi."

Wenzake wakacheka kidogo, kisha wakakumbuka, wakanyamaza.

"Na mama chai mnamwachia lini?" yule mama akaendelea. "Chai ya leo kaipika mlinzi. Kama ni sumu, hiyo ndiyo sumu."

"Anatoka leo. Nani kati yenu anaumwa kidole?"

Kimya. Walitulia kama maji mtungini, wote. Inspekta alikuwa amehoji wezi na wauaji, na kimya cha mwenye hatia alikijua. Hiki hakikuwa hicho. Walikuwa wanamkinga mtu, tena mtu wanayempenda. Mahali fulani humu ndani, au nyumbani kwake amelala, kulikuwa na mtu ambaye mkono wake ulikuwa unaanza kufa, na watu hawa walidhani wanamsaidia mtu kwa kunyamaza.

Akamgeukia Mama Saa. "Sindano ya mashine ikivunjika hapa, inakuwaje?"

"Mstari mzima unasimama. Hainuki mtu mpaka vipande vyote vipatikane, vibandikwe kwenye kadi kwa selotepu, na namba ya mashine na saa viandikwe. Mwaka juzi ncha ilikutwa kwenye fulana ya kichanga. Mzigo wote ulirudi. Tangu hapo, kipande kisipoonekana, mwenye mashine anakwenda nyumbani na harudi."

"Wangapi wamekwenda?"

"Watatu. Sheria niliiandika mwenyewe."

"Na ikivunjikia ndani ya kidole?"

"Haijawahi kutokea hapa." Jibu lilikuja kabla swali halijatua.

"Naomba kadi za wiki hii."

Mama Saa akaonyesha kwa kidevu sanduku lililokuwa juu ya kabati. Koplo ndiye aliyelishusha. Kadi zilikuwa sita. Kila moja ilikuwa na vipande viwili au vitatu vya sindano, vimebandikwa kwa unadhifu mkubwa: shina, kiwiliwili, ncha. Hakuna kilichokosekana. Inspekta alizitazama mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu akaomba sindano nzima na rula.

"Ya nini?" Mama Saa akauliza.

"Mama yangu alikuwa mshonaji. Nataka kujikumbusha."

Sindano nzima ilikuwa na milimita thelathini na nane. Akapima vipande vya kadi ya kwanza, akavijumlisha. Thelathini na nane. Ya pili, thelathini na nane. Ya tatu ikatoka arobaini na moja. Akapima tena, maana hesabu haikuwa rafiki yake hata shuleni. Arobaini na moja. Ya nne arobaini na nne. Ya tano na ya sita nazo zimezidi.

"Loo!" Koplo akasema. "Imevunjika halafu imerefuka?"

"Sindano haikui, Koplo. Mtu ametia ncha isiyo yake." Akazipanga zile nne. "Mashine ya sita ni ya nani?"

"Ya kola," Mama Saa akajibu.

"Kumi na saba?"

"Mifuko."

"Ishirini na mbili?"

"Vifungo." Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Na arobaini?"

"Hiyo ya akiba. Haina mtu."

"Kadi yake ni ya jana, saa saba na robo mchana. Sindano haivunjiki yenyewe. Nani alikuwa ameikalia?"

"Labda fundi alikuwa anaijaribu. Kamuulize." Akaitazama saa. "Mimi nakwenda ofisini."

Saa tano kasoro. Jana saa saba na robo mpaka sasa, karibu saa ishirini na mbili. Inspekta alijikuta anatembea haraka kuliko alivyokusudia.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Koplo akanong'ona nyuma yake, "na hapa nguo zenyewe ni elfu nane."

*

Fundi wa mashine alikuwa na stoo nyuma ya ngazi, chumba chembamba chenye harufu ya mafuta ya mashine na spiriti. Washonaji walimwita Pole, kwa kuwa hilo ndilo neno lake la kwanza kwa kila mtu. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mpole wa uso, sauti imemkauka.

"Pole na kazi, Inspekta. Kaa."

Hakukaa. Akaweka kadi nne juu ya meza ya kazi, moja baada ya nyingine, na rula pembeni. Pole alizitazama. Kisha akafungua droo, akatoa kopo la peremende, akalitikisa. Likalia. Ndani kulikuwa na ncha za sindano, kama mia.

"Mstari ukisimama wanautafuta huo mchanga wa chuma kwa saa nzima," alisema, "na saa hiyo wanailipa jioni, wote. Na wakati wote huo ncha yenyewe iko ndani ya kidole cha mtoto wa mwenzio, naye amejikaza anatafuta pamoja nao, akiogopa kusema. Kwa hiyo nawapa ncha ya kubandika. Dakika tatu, kazi inaendelea. Baadaye anaomba ruhusa ya chooni, anakuja hapa, namtoa ncha."

"Unamtoa kwa kutumia nini?"

Akanyoosha mkono ukutani, akashusha koleo dogo.

Inspekta akahisi ameshika mkia wa nyoka. "Koleo hilo hilo moja, kwa wote wanne?"

"Hebu ngoja." Kwa mara ya kwanza Pole alikasirika. "Mimi si mchafu. Nalichemsha, pale kwenye sufuria. Nalipitisha motoni. Nalifuta kwa spiriti. Kabla na baada. Nusa."

Akalinusa. Meno ya koleo yalikuwa meusi kwa moto, na sufuria ilikuwa safi kuliko za nyumbani kwake. Nyoka akamponyoka. Kama si koleo, na sindano zenyewe ni mpya kila moja, basi ni nini? Saa ilikuwa inakwenda. Alitamani kupiga meza kwa ngumi.

Badala yake akafanya alilofundishwa na mkuu wake wa kwanza: mtu akishindwa kukueleza, mwambie akuonyeshe. Akanyoosha kidole cha shahada cha kushoto. "Mimi ni mshonaji. Ncha imeingia hapa. Nitoe. Usiruke kitu hata kimoja."

Pole alinawa mikono kwa sabuni. Akafunga uzi kwenye kifundo cha kidole, taratibu. Akashika koleo, akajifanya anabana, akajifanya anavuta. "Pole," alikuwa anasema chini chini, "pole mwanangu, inatoka, hiyo, imetoka." Akaweka koleo chini. Kisha akakiinua kidole cha Inspekta, akainama, akafungua mdomo.

Inspekta aliuvuta mkono kwa nguvu hata akagonga rafu, na makopo mawili yakaanguka.

"Unafanya nini wewe!"

"Nanyonya damu chafu," Pole alisema kwa mshangao. "Natema pale kwenye ndoo. Marehemu mama alitufanyia hivyo sote saba, na hakuna aliyeoza kidole. Nimefanya hivyo miaka kumi na tisa humu. Nimekukosea?"

Inspekta alikuwa amekikumbatia kidole chake kifuani. Hakikuwa na hata mkwaruzo, alijua hivyo, lakini alikitazama mara mbili.

"Sauti yako," akasema. "Koo linakuuma tangu lini?"

"Tangu Jumapili. Mafindofindo tu. Nasukutua chumvi."

Koplo, mlangoni, akasema, "Mungu wangu."

Inspekta alimweleza. Hakukuwa na namna nzuri ya kusema, kwa hiyo alisema kama Daktari, haraka. Mdudu anayekaa kooni. Mlango kwenye nyama. Mkono mweusi mpaka kwenye kiwiko. Pole alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo mkono wake ulivyopanda taratibu mpaka ukafunika mdomo, na hapo ukabaki.

"Nimewaua?" aliuliza nyuma ya kiganja.

"Hukujua."

"Nakuuliza, Inspekta. Nimewaua?"

"Mmoja amekufa. Wawili sijui. Wa nne bado yuko hai, na saa hizi ndizo za kumwokoa. Ni nani?"

Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini akatikisa kichwa. "Aliniapisha. Akijulikana ameharibikiwa. Nimemwapia kwa jina la mama yangu."

"Atakufa na kiapo chako!"

"Naomba nimpigie simu mwenyewe. Nimwombe aende hospitali. Usimjue."

Inspekta alikuwa anaitazama kadi ya mashine arobaini. Saa saba na robo. "Saa za chakula ukumbi unakuwa na watu?"

"Hapana. Wote wanatoka."

"Na umeme wa mashine?"

"Unazimwa. Swichi kuu inafungwa kwa ufunguo."

"Kwa hiyo aliyeshona saa hiyo aliuwasha mwenyewe. Ufunguo huo unakaa kwa nani, Pole?"

Fundi akafumba macho. Inspekta hakuhitaji jibu jingine. Alikuwa ameshatoka.

*

Mama Saa alikuwa ameketi ofisini kwake, nyuma ya kioo kinachotazama ukumbi. Mkono wa kulia ulikuwa juu ya meza. Wa kushoto ulikuwa mfukoni mwa koti. Uso ulikuwa umelowa jasho, na kwenye kidevu misuli ilikuwa imekaza.

"Saa umeihamishia mkono wa kulia tangu lini?" Inspekta akauliza.

"Dakika zako zimekwisha."

"Mkanda haufungi tena huko kushoto. Toa mkono, mama."

Nje ya kioo mashine zilikuwa zinavuma. Hatimaye Mama Saa akautoa mkono mfukoni, polepole mno, kama anayetoa kitu cha kioo, na koti lilipougusa tu akatoa mlio mdogo ambao hakuupenda. Kidole kilikuwa kimevimba, si sana. Chekundu. Mtoto akirudi nacho nyumbani, mama yake angekipuliza na kumrudisha mchezoni. Lakini wekundu ule ulikuwa umepita kiganja, ukavuka kifundo cha mkono.

"Watatu wameugua, oda haisubiri," alisema. "Nikaona wakienda kula nizibe pengo mwenyewe. Miaka kumi na miwili sijakaa kwenye mashine. Nimewafukuza watu watatu kwa sindano hii hii, Inspekta. Mmoja alipiga magoti hapo uliposimama. Leo nitoke pale mbele niseme nini? Wa kwanza kucheka ni wao. Na nyumbani nina watu sita wanaonitegemea. Acha. Nitakunywa dawa ya maumivu, jioni nitapita zahanati."

"Jioni hutafika."

"Ni kidole."

Inspekta alikuwa na maneno ya kipolisi ya kumlazimisha, na aliyafikiria. Kisha akaona hayana maana mbele ya mwanamke huyu. "Mimi naogopa, mama," alisema. "Sijaogopa hivi tangu nianze kazi. Asubuhi nimesimama mbele ya mshonaji wako wa mifuko. Mkono wake ni mkaa. Hakojoi. Anapumulia mashine. Jumatatu naye alikuwa na kidole kama hicho, akasema si kitu."

"Mkono wote?" Mama Saa akauliza.

"Mpaka kwenye kiwiko."

Akasimama. Akaishika meza kwa mkono wa kulia, akaanza kutembea. Njia ya kutokea ilikuwa moja tu, katikati ya mistari. Walipofika nusu ya ukumbi mashine zilikuwa zinanyamaza moja moja, na macho yote yako kwenye mkono ule. Mama Saa akasimama.

"Sindano ilinivunjikia jana," alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Kidoleni. Nilificha."

Hakuna aliyecheka. Yule mama mwenye miwani ya uzi aliinuka, akaja akamshika kiunoni upande wa mkono mzima, akamsindikiza hadi garini kama anayemsindikiza dada yake.

Pole alikuwa ameshakaa kiti cha mbele bila kuitwa, leso mdomoni.

Koplo aliendesha kama mwenda wazimu. Inspekta alimpigia Daktari. "Chora mstari pale wekundu unapoishia," Daktari akamwambia. "Kwa kalamu. Uniambie ukifika." Akachora, sentimita tatu juu ya kifundo, mkono wa Mama Saa ukiwa wa moto kama pasi. Gari likakwama kwenye taa nyekundu. Mama Saa akauliza saa ngapi. Wakamwambia. Kabla taa haijageuka akauliza tena, na Inspekta akaona macho yake hayamjui. Akashusha macho kwenye mkono. Mstari wa kalamu ulikuwa katikati ya wekundu. Wekundu umeshaupita.

"Usisimame, Koplo," alisema. "Taa yoyote. Usisimame."

*

Saa tisa alasiri Daktari alitoka chumba cha upasuaji. Inspekta na Pole waliinuka pamoja kwenye benchi la ukumbi.

"Kidole kimekwenda, na nyama ya nusu kiganja," Daktari alisema. "Kesho nitamfungua tena, huenda nikakata zaidi. Lakini presha imeshika. Dawa imeingia mapema. Na anakojoa."

"Anakojoa?"

"Anakojoa vizuri sana."

Inspekta alicheka, akashangaa kujisikia. Hakuwahi kudhani atakuja kumshukuru Mungu kwa mkojo wa mtu. Akamgeukia Pole, akitaka afurahi naye, lakini Pole alikuwa ameketi tena, mikono katikati ya magoti. Muuguzi alikuwa ameshampitishia kijiti cha pamba kooni, na maabara ilikuwa imeleta jibu: ni yeye. Mdudu ni yule yule. Walikuwa wameshamdunga dawa.

"Tangu Jumapili," Daktari alimuuliza, akainama kidogo ili amwone usoni, "umenyonya vidole vingapi?"

"Vinne. Naapa. Hao wanne tu, hakuna mwingine kiwandani. Wiki hii sindano zilizoingia vidoleni ni nne."

"Na nyumbani?"

Pole alimtazama kama hakuelewa. "Nyumbani hatushoni."

"Hakuna aliyejikata? Aliyejichoma na kitu?"

Ukumbi ulikuwa na watu wengi, kitanda cha magurudumu kilipita, mtu akaita jina la mtu. Inspekta aliona uso wa Pole ukibadilika.

"Jumanne," Pole alisema. "Jumanne jioni mke wangu alikuwa anafungua kopo, likamkata kidole. Asubuhi hii nimetoka bado amelala. Alisema ana baridi. Nikamwongeza shuka."

Akatoa simu mfukoni. Inspekta aliichukua, akatafuta jina, akapiga, akaweka sauti wazi wote wasikie. Iliita mara mbili.

"Baba Watoto," sauti ya mwanamke ikasema, polepole, kwa ulimi mzito. "Afadhali umepiga. Njoo uniangalie vidole hivi. Sivisikii. Nimewasha taa, naona kama vimeingia wino."

Daktari alikuwa ameshakimbilia kwenye gari la wagonjwa, na Inspekta nyuma yake, simu ikiwa mkononi, anamwomba yule mwanamke asilale, aendelee kuongea, aseme chochote.